Uzoefu wangu na RAD7: kutoa na kutunza data za radoni kutoka visima vya Tanga

Kwa wiki tano nilizunguka na RAD7 ya kuazima katika visima vya Pongwe, Maweni na Mwambani, nikipima radoni, gesi asilia yenye mionzi, iliyoyeyuka katika maji. Kifaa hiki, kinachotengenezwa na kampuni ya Durridge ya Massachusetts, Marekani, kinasifiwa sana kwa upimaji wake, nami sina ubishi na sifa hizo. Nitakaloeleza ni lile ambalo aliyeniazima hakunigusia kabisa, yaani namna ya kuyatoa matokeo kifaani na kuyatunza hadi siku ya kuandika ripoti.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Unajaza maji katika chupa ya mililita 250 bila kuacha hata kiputo kimoja cha hewa, unaiunganisha na kifaa, unachagua utaratibu ulioandikwa Wat250, na pampu inapuliza hewa ndani ya maji kwa dakika tano ili radoni itoke. Kifaa kinatulia dakika tano nyingine, kisha kinahesabu kwa mizunguko minne ya dakika tano tano. Nusu saa imekwisha, na mara nyingi kahawa ya mwenyeji ilikuwa bado haijapoa.

Matokeo ndiyo yanayotaka akili. Kioo kina mistari miwili tu ya herufi kumi na sita, kwa hiyo kila kitu kimefupishwa: ukiona 0503, hilo ni jaribio la 05, mzunguko wa 03. Bibi mmoja mwenye kisima alichungulia begani kwangu akaona 12300, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizo ndizo ninazodaiwa?" Nikamweleza kwamba kifaa kilikuwa kimewekwa kusoma bekereli, yaani kipimo cha mionzi, kwa mita ya ujazo, hivyo ukigawa kwa 1000 unapata 12.3 kwa lita, ilhali kiwango kilichomo katika maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013, ambacho maji yakikivuka inapasa kuchunguzwa kama yana hatari, ni 100 kwa lita. Alifurahi zaidi kusikia kwamba hakuna bili.

Kwa kuhamishia data kwenye kompyuta kuna programu ya mtengenezaji iitwayo CAPTURE, inayopatikana bure kwa Windows na kwa Mac. Kikwazo changu kilikuwa kebo, kwa sababu tundu la kifaa ni lile la zamani la pini tisa ambalo kompyuta mpakato za siku hizi hazina, na adapta ya USB niliyoinunua kwanza dukani mjini haikutambuliwa na kompyuta kwa usiku mbili mfululizo. Nilipoazima nyingine, data zote zilishuka kabla sijamaliza kufunga madirisha, zikiwa na grafu na jedwali linaloweza kuhamishiwa kwenye programu yoyote ya hesabu.

Jedwali hilo ndilo lililonifanya nikipende kifaa. Mbali na radoni, kila mstari unabeba saa, joto, nguvu ya betri na unyevu wa hewa iliyomo ndani ya kifaa, na safu ya unyevu ni ya thamani kubwa kwa sisi wa pwani. Kifaa hakihesabu radoni moja kwa moja, bali kinavuta kwa umeme atomi za poloniamu-218 zinazozaliwa nayo, na mvuke wa maji ukizidi atomi hizo hupoteza chaji kabla ya kufika kwenye kihisio, usomaji ukashuka bila onyo lolote. Nilipoupanga ule mkusanyiko kwa kufuata unyevu, yalichomoza majaribio matatu ya alasiri moja ya Mwambani, yote yakiwa juu ya asilimia 10. Nilikumbuka vizuri: chembechembe za kukausha hewa zilikuwa zimegeuka kutoka buluu kuwa waridi, nami nikaona uvivu kuzibadilisha. Kesho yake nilirudi kuchota upya.

Kosa lililonisumbua zaidi lilitokana na Kiswahili chetu. Visima vya mbali nilikuwa nikibeba chupa hadi nyumbani Chumbageni na kupima usiku, na kwa kuwa radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8 hivi, matokeo lazima yarekebishwe kwa muda uliopita tangu kuchota. Kifaa kinaandika saa ya kupima, lakini hakijui chupa ilijazwa lini. Hilo liko kwenye daftari tu. Mdogo wangu aliyekuwa akinisaidia aliandika "3:20", akimaanisha saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nami mezani nikaisoma kama 03:20 kwa mtindo wa kifaa. Saa sita za bure ziliongezeka kwenye kila chupa, na kwa kanuni ya kuzidisha kwa e^(T/132.4), T ikiwa saa zilizopita, kila tokeo lilipanda kwa karibu asilimia 4.6. Kosa dogo namna hiyo halishtui mtu, na ndiyo maana lilikaa wiki mbili bila kuonekana.

Hifadhi ya kifaa inabeba mistari 1000, lakini namba ya jaribio ina tarakimu mbili tu, kwa hiyo kwa upimaji wa maji, wenye mizunguko minne kwa kila chupa, ni namba za majaribio zitakazokuishia kwanza. Nilipofuta kumbukumbu baada ya wiki ya pili, hesabu ilianza tena 01, na nusura nifunike faili la Pongwe kwa la Maweni kwa kuwa yote niliyaita "visima". Tangu hapo kila faili lina tarehe na jina la mtaa, na sifuti kitu kifaani kabla ya kuona nakala mbili zikifunguka.

Siku ya kukirudisha nilibandika karatasi ndani ya kifuniko: "Saa ya daftari iandikwe kama ya kioo. Saa tatu asubuhi ni 09:00."