Arctic P12 PWM PST kwenye mashine ya kadi mbili, feni ya tano ndo imemaliza kazi

Wakuu, kama na wewe bado unakomaa na kompyuta ya gemu yenye kadi mbili za grafiki, hizi feni nazipendekeza kabisa, ila namna ya kuzipanga ina uzito kuliko feni zenyewe.

Mimi natumia GTX 1080 Ti mbili, zile za 2017. Moja inakula hadi wati 250, kwa hiyo zikibanwa na gemu zito hapo una wati 500 zinageuka joto na prosesa hujaigusa bado, na kadi zangu ni zile za feni za wazi zinazomwaga joto lote humohumo ndani ya keisi, sio za blowa zinazolitema nje kwa nyuma. Za blowa watu wanazisema sana kwa kelele lakini kwa kadi mbili zilizobanana mimi naona zina akili zaidi.

Anayeumia siku zote ni kadi ya juu. Ya chini inapata hewa safi, ya juu inavuta hewa iliyopita kwenye mgongo wa mwenzake unaochemka, ikigota nyuzi 84 ambazo ndo kiwango NVIDIA walichoipangia inaanza kujishusha spidi yenyewe, na kwa vile kadi zinapokezana fremu (yaani picha za gemu, hii inachora moja, ile inayofuata) basi ile iliyo fresh nayo inabidi imsubiri mwenzake. Hapo ndo unaona gemu linakwamakwama na unaanza kulaumu drayva bure.

Sasa hizi P12. Ni za milimita 120, zinazunguka kuanzia 200 mpaka 1800 kwa dakika, nyeusi tupu hazina taa wala mipira kwenye kona, kwa hiyo anayetaka urembo atafute nyingine. Nilichozipendea ni presha, zimetengenezwa kusukuma hewa ipenye mahali pagumu, kwenye chujio la vumbi au upenyo mwembamba, na mashine ya kadi mbili ni upenyo mwembamba mtupu. Feni inayosifiwa kwa hewa nyingi lakini haina presha ukiiweka nyuma ya chujio inabaki kuzungukazunguka tu.

Hiyo PST nayo ni raha, waya wa kila feni una kichwa cha kuchomeka na kingine cha kupokea feni inayofuata, kwa hiyo zote tano zinaunganishana na kuishia kwenye soketi moja ya maderbodi. Soketi hizo kawaida zinabeba ampea 1 na hizi feni zinakula kidogo sana, hakuna wasiwasi. Ila ujue zote zinapokea amri moja, na spidi utakayoiona kwenye skrini ni ya feni ya kwanza tu.

Mpangilio wangu: tatu mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, na ya tano iko kwenye tundu la ubavuni inapuliza moja kwa moja kwenye ule mwanya kati ya kadi na kadi. Aisee hiyo ya tano!! Zile nne zilisaidia keisi nzima kupoa, kadi ya juu ikabaki kulalamika kama kawaida, nilipofunga hii ya ubavuni ndo ikashuka chini ya 84 na kukaa hapo bila kujibana hata nikicheza muda mrefu. Zinazoingiza zikiwa nyingi kuliko zinazotoa pia vumbi halipenyi ovyo kwenye matundu yasiyo na chujio.

Kuna kitu wengi hawakiangalii, maderbodi kawaida inaongoza feni kwa kufuata joto la prosesa, na kwenye gemu prosesa inaweza kuwa imetulia wakati kadi zinaungua, matokeo yake feni nzuri zinazembea. Mimi natumia programu ya FanControl, ya bure, nimeziambia zifuate joto la kadi yenye moto zaidi, na bila hiyo hata ukinunua feni kumi hutaona faida yake yote. Nimeshusha na kikomo cha umeme wa kadi mpaka asilimia 80 kwenye MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, fremu zinazopotea ni chache mno kulinganisha na joto linalopungua.

Kama kadi zako zimegusana kabisa usinunue hizi kwanza. Angalia kama maderbodi yako ina sloti ya chini zaidi inayofaa, uhamishie kadi ya pili huko, daraja za SLI HB (vile viunganishi vinavyofunga kadi mbili zifanye kazi pamoja) zipo za milimita 40, 60 na 80 kwa hiyo nafasi inapatikana. Ikishindikana kabisa, hapo ni kadi za blowa au kupooza kwa maji, kwa sababu feni haiwezi kupuliza pasipo na mwanya.