Mpango wa majitaka wa nyumba za mradi: karo linafaa, shimo la kunyonya halifai

Mpango tuliokagua ni wa nyumba 24 za vyumba vitatu, viwanja vya mita 20 kwa 20, kila nyumba na karo lake (tangi la chini ambamo tope la majitaka hutulia), shimo lake la kunyonya (maji yanayotoka karoni hunywea humo kwenye udongo) na nafasi ya kisima. Mipango ya aina hii ni ya kawaida kwenye miradi ya pembezoni mwa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani, na kwenye mchoro hupendeza.

Karo lenyewe tunalipitisha. Lina lita 3,000 na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Familia ya watu 6, kila mmoja akitoa lita 100 za majitaka, inaingiza lita 600 kwa siku. Tope huongezeka takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo hata baada ya miaka mitatu bila kunyonywa maji bado yanatulia zaidi ya siku moja. Msimamie fundi kwenye mabomba tu: la kutokea likae chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7, na yote mawili yawe na kiungo cha umbo la T kinachozama majini. T ya kutokea ikiachwa ili kubana matumizi, utando wa mafuta unavuka hadi shimoni na kuziba udongo.

Shimo la kunyonya ndilo linaloangusha mpango. Kipenyo mita 1.5, kina kinachofanya kazi mita 2: ukuta wake ni mita za mraba 9.4, na sakafu haihesabiwi kwa kuwa huziba mapema. Mchanga laini hunyonya takriban lita 33 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 310 kwa shimo zima, wakati nyumba inatoa 600. Hapo ni kwenye mchanga! Udongo mzito wa mfinyanzi hunyonya lita 10 au pungufu. Badala ya shimo, mtaro wa kokoto wenye kina cha nusu mita chini ya bomba hutoa mita ya mraba moja kwa kila mita ya urefu, pande zote mbili zikihesabiwa: kwa lita 600 zinahitajika mita 18 kwa mchanga, 60 kwa mfinyanzi. Hizo 60 kiwanja hakina.

Kipimo cha unyonyaji hakimo kabisa. Si kazi ya gharama: katika usawa wa mtaro chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande na kina 30, kijaze, yaache maji yanywee usiku kucha. Kesho yake jaza tena, hesabu sekunde za maji kushuka kutoka robo tatu hadi robo, gawanya kwa 150, yaani milimita ambazo maji yameshuka. Kwa kanuni za Uingereza jibu liwe kati ya 12 na 100. Likizidi, maji yatafurika uani. Likipungua, yanakimbia kabla hayajachujika, na mawe ya matumbawe ya pwani yana tabia hiyo. Maji ya ardhini yapimwe wakati wa masika, yawe angalau mita 1.5 chini ya sakafu ya shimo. Kipimo cha Agosti kinamfurahisha muuzaji tu.

Visima vifutwe. Kisima kinatakiwa kikae mita 30 kutoka shimo la kunyonya. Kwenye kiwanja cha mita 20, hata ukihamisha lako, la jirani litakuwa karibu.

Tungechagua mfumo wa pamoja: makaro yamwage kwenye bustani ya matete iliyojazwa kokoto. Watu 144 wanahitaji takriban mita za mraba 150 hadi 300, chini ya kiwanja kimoja. Pengine kiwanja hicho kisichouzwa ndicho kinachowafanya waendelezaji waukwepe. Mkataba utaje nani anakata matete na tozo yake ni kiasi gani, la sivyo kokoto zitaziba.

Alama: karo 4 kati ya 5, shimo 1. Na kabla ya kusaini, angalia mifuniko iko wapi: mchoro unaiweka nyuma ya nyumba, na njia ya pembeni ina mita 1.2, hivyo gari la kunyonya tope litabaki barabarani likitegemea urefu wa mpira wake.