Nimerudi kwa Bwana Msa

Kama umechoka na upelelezi wa risasi na magari kukimbizana, mtafute Muhammad Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Mimi nilikuwa nimemwacha tangu shule, hadi nilipoikuta nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale kwa muuza vitabu kuukuu wa kando ya barabara hapa Mombasa. Jalada limechanika na karatasi zimepiga manjano, lakini kurasa za mwisho zimo. Kwa kitabu cha upelelezi, hilo likague kabla hujatoa pesa.

Hadithi hii ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58. Mtu aliyeuawa anakutwa kwenye mzimu, mahali pa matambiko, na watu wanatetemeka. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, yeye anavuta kiko chake na kuuliza maswali ambayo huoni yanahusu nini. Pembeni yuko Najum, sahibu yake, mwepesi wa kukata hukumu, na karibu kila mara huikata siyo.

Utotoni nilikuwa nakimbilia mwisho nimjue muuaji. Sasa namjua tayari, na nimeona utamu wote umo katika maneno. Watu wa Unguja humu hawajibu swali moja kwa moja. Wanazunguka, wanarushiana vijembe, wanaapa, kisha wanaponyokwa na lile hasa walilotaka kulificha. Kipande kimoja nilikisoma kwenye feri ya Likoni nikacheka peke yangu, hata mama aliyekaa karibu akaniuliza, "Wacheka nini, mwanangu?" Nikamsomea. Akacheka kunishinda.

Mwandishi aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na nadhani ndiko alikojifunza kuchungulia uani kwa watu. (Msa ni herufi za majina yake matatu. Sisi wa huku, tunaoifupisha Mombasa kuwa Msa, tusijidai.)

Kasoro ipo. Bahati hujitokeza pale pale inapohitajika, na siri nyingi huishia kwenye nani mwana wa nani. Ukivisoma vitabu vyake mfululizo utaanza kuunusa mwisho mapema. Mimi baada ya Mzimu nilipumzika kidogo, ndipo nikachukua Kisima cha Giningi, nacho kikaniteka upya.

Nyota nne kati ya tano. Sasa natafuta Duniani Kuna Watu cha 1973. Aliye nacho aniazime. Mimi vitabu vya watu hurudisha.