Ulipie kipi Dar: Azam, Netflix, DStv au StarTimes?

Jumapili moja ya mechi tulikuwa watu sita sebuleni kwangu Tabata. King'amuzi hatukuwa nacho, tulikuwa tunatazama kwa programu ya simu iliyorushwa kwenye TV. Mshambuliaji wetu alikuwa bado anavuka mstari wa kati, mpira uko mguuni, mara nyumba ya jirani yenye dishi ikalipuka: "Gooooo!" Sisi tukabaki tunaangaliana. Ilipita karibu nusu dakika ndipo na kwetu mpira ukaingia wavuni. Hakuna aliyeruka. Shemeji akaweka soda chini, akasema, "Shem, yaani hapa tumelipia marudio?"

Hakukosea sana. Picha ya intaneti hukatwa vipande vipande, ikatumwa, kisha programu huhifadhi kidogo kabla ya kukuonyesha ili isigandegande. Dishi halina mlolongo wote huo. Kwa muvi tofauti hiyo huioni. Kwa mpira, tena kwenye mitaa yetu ambayo dirisha lako liko pua kwa pua na la jirani, unaisikia vizuri kabisa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza alipie kipi, namwuliza kwanza picha itamfikia kwa njia gani: dishi, antena, au bando. Akishajibu, nusu ya orodha inajifuta yenyewe.

Bando kwanza, muvi baadaye

Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya picha ya kawaida inakula kama GB 1, ya HD inafika GB 3, na ya 4K inaweza kufika GB 7. Chukua tamthilia moja ya vipande kumi vya dakika 45. Hizo ni saa saba na nusu. Kwa picha ya kawaida ni GB 7 na nusu, kwa HD ni GB 22 na ushee. Sasa fungua menyu ya mtandao wako wa simu, uone GB 22 zinauzwaje, uweke bei hiyo pembeni ya ada ya programu. Kwa anayeishi kwa bando la simu, ada si tatizo. Kinachomaliza hela ni bando, na hiyo ni tamthilia moja tu, ya mtu mmoja, kabla watoto hawajarudi kutoka shule na katuni zao.

Mwenye faiba nyumbani, yaani intaneti ya waya, ana hesabu nyingine. Ila ukisikia "bila kikomo" soma masharti, maana vifurushi vingi vya aina hiyo vina kiwango ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Asiye na faiba apakue akiwa kwenye Wi-Fi ya mahali pengine, kazini kwa mfano, kisha atazame nyumbani bila bando. (Mtu wa TEHAMA wa ofisini kwetu akisoma hapa, namaanisha ofisi nyingine.)

1. Azam TV

Kwa nyumba nyingi za Dar naiweka ya kwanza, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni Ligi Kuu. Mwaka 2021 Azam Media waliingia mkataba na TFF wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kwa hiyo mechi za ligi za Simba, Yanga na wengine ziko huko. Kama ndani ya nyumba kuna shabiki wa kweli, mjadala umeishia hapo.

Ya pili ni lugha. Mama mkwe wangu akija kutoka Korogwe hasomi maandishi yanayopita chini ya picha, na hana mpango wa kuanza. Anataka Mturuki azungumze Kiswahili. Azam wamekuwa wakionyesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili tangu enzi za "Sultan", na wana chaneli ya Sinema Zetu kwa kazi za nyumbani. Saa ya tamthilia ikifika rimoti inahamia kwake bila kura, na mimi nageuka mtaalamu wa fitina za kasri.

Malipo ni ya simu, huhitaji kadi ya benki. Mwenye safari nyingi ana programu ya AzamTV Max, ila hapo umerudi kwenye bando na kwenye goli la kusikia kwa jirani. Udhaifu wake: ligi ya Uingereza siyo hapa pa kuitafutia, na muvi mpya za Hollywood nazo ni za kuokoteza. Mvua kubwa ya masika nayo hukata picha, lakini hilo ni la madishi yote madogo, usimbebeshe mmoja. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki dishi ukutani, kuna king'amuzi cha antena. Kabla hujakilipia omba orodha ya chaneli zake, usidhani ni zilezile za dishi.

2. Netflix, ukiwa na faiba tu

Wapo Tanzania tangu Januari 2016, walipofungua huduma karibu dunia nzima kwa mpigo. Kwa muvi na tamthilia za nje sioni wa kuwafikia, na programu yao haisumbui hata kwenye mtandao wa kusuasua. Bila faiba ningewashusha hadi nafasi ya nne.

Soma kifurushi kabla ya kulipa. Kile cha bei ya chini kabisa, cha simu, hakifanyi kazi kwenye TV; ni simu au tableti basi, na picha ni ya kiwango cha chini. Standard inaruhusu vifaa viwili kwa wakati mmoja, Premium vinne. Akaunti ni ya kaya moja, ule mtindo wa kugawiana nywila na binamu wa Mwanza walianza kuubana kwa nguvu mwaka 2023. Kumbuka pia kwamba tangu Julai 2022 huduma za kidijitali za kampuni za nje zinatozwa VAT hapa nchini, kwa hiyo bei uliyosikia kwa ndugu aliyeko nje isikutie tamaa.

Halafu kuna zile "akaunti za Netflix" za bei ya kutupa zinazouzwa Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyingi ni akaunti moja iliyouzwa kwa watu kumi. Siku mwenyewe akibadilisha nywila, muuzaji keshakublock. Na vile viboksi vya Android vya bei chee vya Kariakoo, mwambie muuzaji aifungue Netflix mbele yako. Vingi havina idhini ya Netflix, kwa hiyo utapata picha ya ukungu kwenye TV ya inchi 55, au hutapata kabisa.

3. DStv

Kama unaishi kwa ajili ya Arsenal au Manchester United, SuperSport, chaneli zao za michezo, ndiyo kwako. Pia kuna Maisha Magic Bongo iliyotuletea tamthilia za "Jua Kali" na "Huba", na hizo zina wafuasi wa damu.

Kosa ninaloliona kila msimu ni mtu kulipia kifurushi kikubwa miezi 12. Ligi ya Uingereza inachezwa Agosti hadi Mei. Juni na Julai shuka kifurushi cha chini, au zima. Kosa la pili ni kulipia kidogo ukitegemea mechi zote. Angalia kwanza mechi yako iko SuperSport ipi na chaneli hiyo iko kifurushi gani. Mwaka 2025 kampuni mama, MultiChoice, ilichukuliwa na Canal+ ya Ufaransa, kwa hiyo usilipie kwa kumbukumbu ya mwaka juzi, tazama orodha upya.

Kama unatazama mechi mbili tu kwa mwezi, nenda kibanda umiza. Kiti cha plastiki, joto, mchambuzi wa bure nyuma ya kisogo chako. Kwa hela nimeshindwa kupata chenye nafuu zaidi.

4. StarTimes

Nafuu, antena inatosha, na unaweza kulipia kwa siku au kwa wiki badala ya mwezi mzima. Kwa chumba cha kupanga cha mtu anayerudi usiku, au TV ya pili ya watoto, haina ubaya. Usitegemee makubwa.

5. Prime Video

Ina vitu vizuri vichache, ukivimaliza umeimaliza. Mwezi mmoja kwa mwaka unatosha.

YouTube sijaipa namba kwa sababu hailipiwi, ingawa bando inakula kama wenzake. Kwa Bongo Movie za vipande na wachekeshaji wetu, wapo watu ninaowafahamu ambao hawana kingine chochote na hawalalamiki.

Jambo moja la malipo. Huduma za nje zinataka kadi, na kadi pepe za kwenye pochi ya simu zinafanya kazi. Lakini weka humo kiasi cha mwezi mmoja tu, usiiache na akiba. Mimi niliwahi kujiunga na huduma moja kwa siku za bure, nikatazama muvi mbili, nikaisahau. Waliendelea kukata miezi minne. Siku hizi nikijiunga na cha bure, nakisitisha palepale kabla sijafungua hata muvi ya kwanza. Huduma nyingi zinakuacha utazame mpaka siku zako ziishe.

Na ukinunua king'amuzi kilichokwisha kutumika, usitoe hela mpaka umeona kadi yake, namba ya kadi inafanana na iliyoko kwenye menyu, na muuzaji amepiga huduma kwa wateja ukiwa umesimama hapo ili kihamie jina lako.