"Si msimu, dada": safari yetu ya Gombe

Mtu akiniambia tena "si msimu, dada", nitamkatia simu hapohapo. Hiyo ndiyo sala ya wakala mmoja wa hapa Kigoma mjini niliyempa kianzio atupeleke Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na kuturudisha siku hiyohiyo, mimi na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma. Boti imechelewa? Si msimu. Mbona si ile ya kwenye picha uliyonitumia? Ile iko kwa fundi, si msimu. Jaketi za kujiokolea hazitutoshi? Dada, wakati huu tunajikongoja tu. Lakini nilipoomba anipunguzie bei kwa sababu hiyohiyo, alicheka kwenye simu: "Sokwe hawana msimu." Kumbe!

Mwezi niliuchagua kwa makusudi. Wageni wengi huja kati ya Julai na Oktoba, njia zikiwa kavu na picha zikitoka safi. Mimi nilitaka mvua za mwanzo. Wakati wa mvua sokwe hawazururi mbali sana, na mvua zikianza ndipo wanapokazana kuvua mchwa kwenye vichuguu. Jane Goodall mwenyewe, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na ilikuwa Novemba ya mwaka huohuo alipomwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi kichuguuni na kulitoa na mchwa. Kabla ya hapo wasomi walikuwa wanatuambia kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Mimi nimekulia Mwanga ya hapa Kigoma, naliona ziwa kila siku, na jambo hilo watu wanalifuata kutoka Uingereza na Marekani wakati kwangu ni mwendo wa boti tu. Ilikuwa aibu.

Kwa nini wakala, na si boti za abiria? Kwa sababu zile hutoka mwaloni Kibirizi mchana, na zinazotoka upande wa kijiji cha Mwamgongo hupita Gombe alfajiri zikija mjini. Ukipanda ya abiria, lazima ulale hifadhini. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja hana budi kukodi, na hapo ndipo hawa jamaa wanapokushika.

Makubaliano yalikuwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tulifika Kibirizi gizani, wakina mama wanaanika dagaa, sisi tumesimama na mikoba kama waliofukuzwa nyumba. Boti ilikuja jua limeshatoka. Wifi hajui kuogelea, akaanza kupanda polepole huku kanishika bega. Kabla hajakaa, vijana wakaanza kushusha kwenye toroli mifuko ya saruji. Halafu kreti za soda. Halafu mama mmoja na godoro, na kuku wawili wamefungwa miguu.

Nikampigia wakala. Nilisema kwa adabu kabisa, kaka yangu, hii si tumekodi? Akajibu, nanukuu: "Sasa dada, boti yote hiyo nyie wawili mtaijaza na nini? Si msimu. Mzungu angelipa yote, nyie Wabongo mnalia bei halafu mnataka kukaa peke yenu." Akakata.

Nililipa bei aliyoitaja yeye, yote. Sikulia chochote.

Basi tukaenda na saruji. Tukatia nanga Mtanga, kijiji cha njiani, mfuko mmoja mmoja ukabebwa begani hadi mchangani, kijana mwingine anachota maji ya chini ya boti kwa kidumu kilichokatwa. Wifi alikuwa anasali. Mama wa godoro, maskini, alitugawia karanga, naye hana kosa, hata yeye alikuwa ametozwa nauli.

Pale Kasekela, kituo cha kupokelea wageni Gombe, watu wa hifadhi walitupokea vizuri, sina neno. Ila mwongozaji alitazama saa, akatuambia ukweli: wafuatiliaji hutoka gizani kwenda pale sokwe walipolala, kwa sababu kukipambazuka tu wanashuka viotani na kuanza safari. Ukiwahi, unawakuta karibu. Sisi tulikuta wameshapanda mlima. Tukawafuata kwenye matope, tunashika mizizi, mvua inanyesha, na kila nilipoteleza nililitaja jina la yule wakala.

Kisha tukawakuta. Barakoa usoni, mita kumi zetu, na saa moja tu, ndiyo kanuni. Jike mmoja alikuwa amekaa kwenye kichuguu, mgongo umelowa chepechepe, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Akavunja kijiti, akakipurura majani, akakipenyeza tunduni taratibu, akatulia. Alipokichomoa mchwa walikuwa wamekiuma kwa safu, akawapitisha midomoni, akarudia. Mtoto naye akaokota kijiti chake na kuchomeka mahali pasipo na tundu lolote. Wifi, aliyenuna tangu Kibirizi, alinifinya mkono hadi kucha zikaingia. Wakati ule, kusema kweli, nilimsamehe wakala. Nilisema moyoni hata saruji ingekuwa mara mbili ningekuja. Nendeni wakati wa mvua, msisikilize mtu.

Tuliposhuka ufukweni, nahodha, mzee mtaratibu wa makamo, akaniambia: "Mama, nilipigiwa simu niwaite mapema, kuna mzigo wa dagaa wa kufuata. Nikasema hawajashuka." Alikuwa anajua kabisa tumeshawapata sokwe, akakaa kimya ili saa yetu itimie. Wakati wa kurudi mvua ilitukuta ziwani, akatufunika kwa turubai lake, yeye akabaki kulowa.

Tumefika mjini, wakala yuko gatini anatusubiri. Kumbe hakuja kuomba radhi, alikuja kudai pesa ya kuchelewesha boti! Nilikataa mbele za watu. Baadaye nikasikia kwamba fedha hiyo aliikata kwenye posho ya yule mzee, ambaye si mwajiriwa wake hata kidogo, huitwa kwa siku. Nilimtafuta Kibirizi nikampa chake mkononi.

Nilipokuwa nimepoa nilimpa huyu wakala nyota mbili. Naifuta moja. Ilikuwa ya nahodha, na nahodha si wake.