Nilivyompata babu yangu aliyezama na Khedive Ismail

Kwetu ilisemwa tu kwamba mdogo wake babu "alipotelea majini vita vya Hitler". Meli gani, bahari gani, hakuna aliyejua. Marehemu bibi alituachia mambo mawili: kwamba alikuwa askari wa mizinga, na kwamba alipoaga kwenda Kilindini baba yangu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Baba alizaliwa katikati ya 1943.

Nilianza na tovuti moja ya ukoo ya kulipia. Nililipa ada ya mwezi, nikaandika jina letu kwa kila namna, nikaletewa mabaharia wa Uingereza watupu. Pesa ile iliniuma.

Kisha nikaingia kwenye hifadhi ya majina ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Ni bure, hata kujisajili si lazima. Nilipoandika jina sikupata kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Msikate. Acheni nafasi ya jina wazi, mtafute kwa tarehe na kikosi. Tena kumbukeni kwamba aliyefia baharini si lazima awe wa jeshi la majini; babu alikuwa abiria melini, jeshi lake ni la nchi kavu. Niliweka kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, tangu Januari hadi Juni 1944. Orodha ikafunguka, ukurasa baada ya ukurasa, na karibu wote tarehe moja: 12 Februari 1944. Mwili ulinisisimka.

Ndiyo siku ilipozama meli ya Khedive Ismail. Ilikuwa imetoka Kilindini ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, katika msafara wa meli tano za askari, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wauguzi na askari wetu wa kikosi cha 301 cha mizinga. Kusini mwa visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi walikuwa ndani, wengine wakitazama tamasha. Walikufa karibu 1,300. Manowari Petard na Paladin ziliiwinda nyambizi ile hadi ikazama nayo.

Niliipakua orodha nzima nikaisoma jina kwa jina, jioni tatu. Babu alikuwemo. Karani aliyemwandikisha aliweka "l" penye "r" yetu na kulikata jina la ukoo katikati, lakini jina la babake na wilaya yetu yako pale pale. Kila mmoja ana cheo, namba ya jeshi, na mahali jina lake lilipochongwa. Namba hiyo ya jeshi iandikeni pembeni. Jina hubadilika herufi kutoka karatasi moja hadi nyingine, namba haibadiliki.

Ila mjue hii ni hifadhi ya waliokufa. Kama mzee wenu alirudi salama, hamtamwona humo. Anzeni na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kama kipo sandukuni.

Wale wasio na kaburi wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Nilimpeleka baba. Tulikuwa na namba ya safu mkononi, kwa hiyo hatukutangatanga. Ana miaka zaidi ya themanini; alisimama akafuata herufi kwa kidole, hata ile "l" iliyokosewa, kisha akaniuliza swali moja tu: meli ilizama usiku au mchana?

Mchana, baba. Saa nane na nusu hivi.