Nililipia Kura ya Mchujo, Nikapewa Kikao cha Wazee

Watu huandika tathmini za hoteli walizolala na simu walizonunua, lakini sijaona aliyeitathmini huduma ambayo vyama vya siasa nchini Kenya huiuza kila uchaguzi mkuu unapokaribia, nayo ni nafasi ya kushindana katika kura ya mchujo, ile ambayo chama huitumia kumteua mgombea wake. Mimi niliinunua mwaka 2022, nilipowania uwakilishi katika mojawapo ya wadi 30 za Kaunti ya Mombasa kupitia chama ambacho sitakitaja. Nilikuwa mgeni chamani: sikuwahi kuwa ajenti wake, sikuwa na jamaa katika ofisi ya tawi, na mtaani nilijulikana zaidi kwa duka langu la vitambaa na kwa chama cha akina mama cha kuweka akiba kuliko kwa mikutano ya hadhara.

Kuhusu mapokezi sina lawama. Kijana aliyekaa mezani alizikagua nakala za kitambulisho, picha mbili za pasipoti na stakabadhi ya benki kwa adabu na wepesi ambao sijaukuta katika ofisi nyingi za serikali, na jioni hiyohiyo nikapokea ujumbe wa simu wa kuthibitisha kwamba nimesajiliwa kuwa mwaniaji. Wanawake tulitozwa nusu ya ada, ingawa hata nusu hiyo ilikuwa mara kadhaa ya shilingi 2,500 ambazo tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtoza mwaka huo mwanamke aliyewania wadi. Chini kabisa ya fomu, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba ada hairudishwi na kwamba mwaniaji anaukubali uamuzi wa chama. Niliisoma sentensi hiyo nikaitia saini kwa kalamu ya yule kijana, kwa maana yangu ilikataa kuandika.

Hapa mnunuzi mwingine afahamu kwamba lugha ya bidhaa hii imegeuzwa. Sheria ya Vyama vya Siasa, kama ilivyorekebishwa Januari 2022, inapozungumzia uteuzi wa moja kwa moja inamaanisha wanachama waliosajiliwa kushiriki wenyewe kumchagua mgombea, ilhali ule usio wa moja kwa moja unaweza kupitia kwa wajumbe. Mtaani, mtu akisema fulani amepewa tiketi ya moja kwa moja, anamaanisha kwamba hakuna kura iliyopigwa kabisa. Mimi niliambiwa ofisini kwamba wadi yetu itakuwa na mchujo wa moja kwa moja, nikarudi nyumbani nikifurahi, bila kuuliza ni moja kwa moja ipi.

Michujo ya mwaka huo ilipangwa kufanyika kati ya tarehe 16 na 22 Aprili, ikaangukia ndani ya Ramadhani. Siku nne kabla ya zamu ya wadi yetu nilialikwa futari nyumbani kwa mmoja wa wazee wa chama. Niliwakuta mratibu wa kaunti, wazee wawili, mpinzani wangu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikakaza, na, jambo ambalo sikulitarajia, ami yangu mwenyewe, aliyeletwa kwa gari la chama. Mpaka tende zinaisha hakuna aliyezungumza siasa. Kisha ami akaanza.

"Mwanangu, uongozi huja kwa zamu. Huyu kijana amekitumikia chama tangu hajaota ndevu."

"Ami, basi kwa nini pesa zangu walizipokea?"

Hakunijibu, ila alinisogezea sahani ya kaimati.

Mratibu ndiye aliyetoa karatasi. Taarifa ya kujiondoa ilikuwa imeshapigwa chapa, yenye jina langu lililokosewa herufi moja, ikisema kwamba baada ya mashauriano ya kina nimeamua kwa hiari yangu kumuunga mkono mwenzangu kwa ajili ya umoja wa chama. Niliahidiwa kwamba nitakumbukwa katika orodha ya viti maalum vya bunge la kaunti, vile ambavyo Katiba imeviweka ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Usiku ule sikutia saini. Siku mbili zilizofuata ajenti wangu watatu hawakupokea simu zangu, mabango yangu yakabanduliwa kuanzia stendi ya matatu hadi msikitini, na mama yangu akapigiwa simu na watu asiowajua, wote wakimwambia kwa heshima kubwa amshauri bintiye. Siku ya tatu nilitia saini. Nilipigwa picha nikiwa nimeshikana mkono na mpinzani wangu, na katika picha hiyo natabasamu.

Ni haki kusema kwamba huduma hii haitolewi kwa kiwango kimoja kwa wateja wote. Mwezi huohuo, katika kinyang'anyiro cha ugavana wa Mombasa, Suleiman Shahbal, aliyekuwa amepitia chama cha Wiper mwaka 2013 na cha Jubilee mwaka 2017 kabla ya kuingia ODM, alimwachia Abdulswamad Nassir kabla ya mchujo baada ya mazungumzo yaliyowahusisha Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na kiongozi wa ODM, Raila Odinga, na kabla mwaka haujaisha akachaguliwa kuwa mbunge wa Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, Tim Wanyonyi wa ODM aliombwa aachane na ugavana ili muungano wa Azimio, uliokuwa na ODM na Jubilee ndani yake, umsimamishe Polycarp Igathe wa Jubilee. Wanyonyi alirudi kutetea kiti chake cha ubunge cha Westlands akakishinda, na ugavana ukachukuliwa na Johnson Sakaja wa chama pinzani cha UDA. Wakubwa wakiombwa kuondoka, kiongozi wa juu huja mwenyewe na huzungumza nao kama watu wenye kitu cha kupoteza. Kwenye wadi anatumwa ami.

Dawati la malalamiko lipo, ila mteja alijue mapema. Lipo jopo la mizozo ya vyama vya siasa, na rufaa yake husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini kwanza unapaswa kuonyesha kwamba ulijaribu kutafuta suluhu ndani ya chama. Wakili niliyemwendea aliisoma taarifa yangu mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma, akaniuliza, "Dada, saini hii ni yako?" Nilipokubali alinirudishia karatasi wala hakunitoza kitu.

Bidhaa mbadala ni ugombea huru, na kwa mtu asiye na mizizi chamani ningeipendekeza kabla ya hii. Katiba inataka uwe hujawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa wadi unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa humo. Utajilipia ajenti wako wote, na jina lako halitabebwa na wimbi la mgombea urais yeyote. Hata hivyo, mwaka huohuo jirani zetu wa Taita Taveta walimchagua Andrew Mwadime kuwa gavana akiwa mgombea huru, na Meru wakamchagua Kawira Mwangaza vivyo hivyo. Mimi hesabu hiyo niliifanya Mei, muda ukiwa umeshaniponyoka.

Naipa huduma hii nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule kijana wa mapokezi. Sibishi kwamba chama kina haki ya kumtaka mtu wake wa siku nyingi. Hata mimi dukani siwezi kumwachia funguo mtu niliyemjua jana. Lakini mteja akiingia kuulizia kitambaa nilichokwisha kumwekea mwingine, humwambia kabla hajafungua pochi. Chama kingeniambia Februari kwamba wadi ina mwenyewe, ningelikuwa na muda wa kwenda kuzitafuta saini zangu 500 nyumba kwa nyumba.

Julai, orodha za viti maalum zilipochapishwa magazetini, nilinunua gazeti nikalitandaza juu ya kaunta ya duka, nikashuka na kidole jina baada ya jina, kisha nikarudia kwa kulitafuta lile jina lenye herufi iliyokosewa. Halikuwamo pia.